Maumivu ya Kichwa Yasiyosubiri Kesho

Misafara ya zamani kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kupitia hapa Tabora, ilitembea kwa miezi. Reli ilipofika mwaka 1912 safari ikafupika. Lakini upo ugonjwa ambao hata siku moja ni kuchelewa: kupasuka kwa mshipa wa damu uliovimba kichwani.

Uvimbe huu, ambao madaktari huuita anyurizimu, hutokea ukuta wa mshipa unapodhoofika ukatuna, kama tyubu ya baiskeli inavyotokeza kwenye tairi bovu. Wengi wanao bila kujua, wala haupasuki. Shinikizo la juu la damu na sigara huongeza hatari. Ukipasuka, mgonjwa hupata ghafla maumivu makali ya kichwa ambayo hajawahi kuyapata, hutapika, shingo hukakamaa, na wengine huzimia. Mara nyingi hudhaniwa ni malaria, au kwamba amelogwa. Wakati huo hatari ya kupasuka mara ya pili ni kubwa, hasa katika saa 24 za kwanza.

Zamani ilibidi fuvu lifunguliwe na uvimbe ubanwe kwa kibanio. Mwaka 1990, mjini Los Angeles, Dk. Guido Guglielmi alianza njia nyingine. Mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa kinena, kwa kuongozwa na picha za eksirei, hadi ubongoni. Kisha uvimbe hujazwa nyuzi laini za platinamu ili damu isiingie tena. Utafiti wa mwaka 2002, kwa wagonjwa 2,143 waliofaa kwa njia zote mbili, ulionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa kama 24 kwa kila 100 kwa njia hii, na 31 kwa waliofunguliwa fuvu.

Uko pia uvimbe wa nadra, uliotuna pande zote za mshipa. Huo haushiki nyuzi, hivyo huweza kuwekewa kijibomba cha wavu ili damu ipite katikati.

Tiba ya kupitia mishipa sasa inapatikana nchini, katika Taasisi ya MOI, Muhimbili. Lakini safari huanzia nyumbani. Ukiona dalili hizi, mpeleke mgonjwa Hospitali ya Kitete, au iliyo karibu nawe, saa hiyo hiyo. Usimpe aspirini. Eleza kwamba maumivu yalianza ghafla, na uulizie picha ya CT scan na rufaa. Nasi tulio wazima, tupime shinikizo la damu.