Binti wa Baharini Asiyejua Ekegusii

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Nyamira. Jioni moja, binti wa ndugu yangu, mwenye umri wa miaka saba, alikuwa akitazama kwenye simu filamu ya The Little Mermaid, ile iliyotolewa na kampuni ya Disney mwaka 2023. Alifurahi mno kuona kuwa nguva yule, aliyeigizwa na Halle Bailey, ni mweusi kama yeye. Kisha akanigeukia na kuniuliza: "Baba mdogo, mbona hazungumzi kama nyanya?"

Swali hilo limenikaa moyoni hadi leo.

Filamu hiyo ilizua mabishano makali. Wapo waliolalamika kwamba hadithi aliyoiandika Hans Christian Andersen wa Denmark mwaka 1837 imeharibiwa kwa kumpa mhusika mkuu sura ya mtu mweusi. Malalamiko hayo hayana mashiko. Nguva hana taifa wala kabila. Isitoshe, ngano tangu jadi huhama kutoka kinywa hadi kinywa, na kila msimulizi huivika vazi la kwao.

Hata hivyo, nawauliza pia wanaoshangilia: je, rangi ya ngozi pekee yatosha? Disney ilipotoa The Lion King mwaka 1994, majina ya Simba, Rafiki na Pumbaa yalitoka katika Kiswahili, ilhali wenye majina hayo walizungumza Kiingereza. Mwaka 2003 kampuni hiyo ikasajiliwa Marekani kuwa mmiliki wa alama ya biashara ya "Hakuna Matata". Lugha yetu ilialikwa karamuni iwe pambo, haikupewa nafasi ya kunena.

Linganisha na yaliyotendeka New Zealand. Mwaka 2017 filamu ya Moana ilitolewa huko kwa sauti za Kimaori. Wamaori wa nchi hiyo hawafiki milioni moja. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Abagusii ni zaidi ya milioni 2.7. Uchache, basi, hauwezi kuwa kisingizio chetu.

Ngano tunazo. Tunaziita emegano, na ndani yake mna nyimbo ambazo wasikilizaji huziitikia. Lugha ya Ekegusii ina irabu saba, Kiswahili tano. Mtoto asiyezisikia irabu hizo katika hadithi na nyimbo atazijulia wapi?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti majukumu ya sinema na maonyesho ya video. Serikali za Kisii na Nyamira zina haki, tena zina wajibu, wa kutenga fedha kwa filamu fupi za emegano. Wasomi wapo katika Chuo Kikuu cha Kisii. Sauti zilizozoea kutangaza kwa Ekegusii zipo katika Egesa FM. Vijana wenye kamera wamejaa mjini Kisii, wakipiga picha za harusi kila Jumamosi.

Jioni ile nilimwita mama yangu awe ndiye jibu. Simu iliwekwa kando, ngano ikaanza, na mtoto akaitikia wimbo kwa kubabaika, kwani maneno mengine hakuyajua. Mama ni mkongwe, na emegano zake hazijarekodiwa popote. Wahenga walituasa: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu bado upo. Tuuokote ungali mzima.