Mashine ya Kufulia Imefika, Je, Nyumba Iko Tayari?

Kirikuu imefika jioni, vijana wanne wameishusha mashine, imechomekwa kwenye soketi ya karibu na kujazwa mashuka. Mwanzoni kila mtu nyumbani anafurahi. Ikifika zamu ya kukamua, mlio unabadilika. Mashine inatetemeka, inagonga ukuta, kisha inaanza kutembea sakafuni hadi waya unakaribia kuchomoka. Jirani anasema wameuziwa feki.

Fundi anayeijua kazi hana haraka ya kukubali. Huzunguka nyuma na kutazama mgongo wa mashine, kwa sababu hapo ndipo penye boliti za safari. Kwenye mashine zenye mlango wa mbele, pipa la nguo limening'inizwa kwa springi na kushikiliwa na shokapu, mfano wa zile za gari. Ili lisigonge njiani, kiwandani hulibana kwa boliti, mara nyingi tatu au nne. Zisipofunguliwa, pipa linalozunguka mara 1,000 hadi 1,400 kwa dakika halina nafasi ya kunesa, na kishindo chote kinaishia kwenye bodi. Boliti hizo hufunguliwa kwa spana kabla ya kuwasha umeme kwa mara ya kwanza, na matundu yake huzibwa kwa vifuniko vya plastiki vinavyokuja ndani ya boksi.

Sakafu nayo ina neno lake. Mashine ya kilo saba za nguo huwa na uzito wa kilo 60 hadi 70, kwa kuwa ndani yake mna vipande vizito, mara nyingi vya zege, vya kuituliza isirukeruke. Iwekwe juu ya saruji au vigae, si juu ya zulia wala ubao unaobonyea. Miguu yake huzungushwa kuipandisha au kuishusha mpaka pima maji ionyeshe iko sawa, kisha nati za miguu zikazwe. Ukibonyeza kila pembe na mashine isiyumbe, kazi hiyo imekwisha.

Kwa nyumba nyingi za Dar es Salaam, mtihani mkubwa ni maji. Wengi hawategemei bomba la mtaani moja kwa moja. Maji hupanda kwenye simtanki, kisha hushuka yenyewe. Kitabu cha maelekezo hutaja presha ambayo mashine inahitaji, na nyingi huanzia bar 0.5. Kila mita moja ya kimo, kutoka maji yalipo tangini hadi pale mpira unapofungwa kwenye mashine, huleta takriban bar 0.1. Kwa hiyo tangi lililo mita tatu juu hutoa bar 0.3 tu. Maji yataingia kwa kudondoka, mashine itasubiri, itachoka, kisha itasimama katikati ya kazi na kuonyesha alama ya hitilafu. Anayeishi ghorofa ya juu kabisa, karibu na tangi, ndiye anayeumia zaidi.

Dawa zipo. Tangi laweza kuinuliwa, au pampu ndogo ya kuongeza presha ikafungwa kwenye bomba. Zipo pia mashine zinazokubali presha ndogo, na zile za mapipa mawili ambazo mtu anaweza kuzijaza maji kwa ndoo. La msingi ni kupima kimo cha tangi kabla ya kwenda dukani, fedha ikiwa bado mfukoni.

Ubora wa maji nao uangaliwe. Mchanga na kutu hunaswa na kichujio kidogo kilichopo mpira unapoungana na mashine, na kikiziba maji hupungua hata kama presha inatosha. Maji magumu, yale ambayo sabuni haitoi povu upesi, huacha magamba meupe kwenye hita, kama yale ya ndani ya birika.

Mpira wa kutolea maji machafu hukosewa kwa urahisi. Mashine nyingi hutaka ncha yake iwe kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Ukilazwa chini, maji yanaingia huku yanatoka, na pipa halijai kamwe.

Upande wa umeme hauruhusu kubahatisha. Hita ya mashine hutumia takriban wati 2,000, karibu ampea tisa kwa umeme wa volti 230. Soketi ya ukutani ya ampea 13 iliyofungwa vizuri inaweza kuubeba mzigo huo, lakini ekstensheni nyembamba inayogawana na friji na pasi inaweza kuyeyuka. Ethi iwe inafanya kazi kweli, kwa kuwa hapa maji, chuma na umeme vimekaa pamoja. Fundi umeme aipime kwa kifaa, asiridhike na kuona tundu la tatu kwenye soketi. Hita hiyo ikiwaka nusu saa, uniti moja ya LUKU imekwenda. Kufua kwa maji baridi huepusha gharama hiyo.

Mzunguko wa kwanza upigwe bila nguo, kwa sabuni kidogo ya mashine. Sabuni ya kufulia kwa mikono hutoa povu jingi ambalo mashine hushindwa kulisuuza. Wakati huo mwenye nyumba apitishe kiganja kwenye kila kiungo cha mpira. Penye unyevunyevu pakazwe siku hiyohiyo.

Na zile boliti za safari zisitupwe. Zifungwe kwenye mfuko na kuwekwa pamoja na kitabu cha maelekezo, kwa sababu siku ya kuhama nyumba zitarudishwa mahali pake kabla mashine haijapakiwa kwenye gari.