Msumeno Mrefu Kihambani: Petroli au Betri?

Kihamba cha Mchagga ni shamba la ghorofa. Juu imesimama miruka, miringaringa na migrivea. Chini yake migomba, kisha mibuni, na ardhini magimbi. Kwa mfumo huu, FAO iliitambua Shimbwe Juu, Moshi Vijijini, mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Lakini urithi huu hudai kazi. Kivuli kikizidi, unyevu hukaa kwenye mibuni na ugonjwa wa chulebuni hushamiri. Kikipungua mno, kahawa huungua jua. Lazima matawi yapunguzwe, na tangu zamani anayepunguza hupanda mtini na panga. Wengine huanguka.

Msumeno wa mnyororo wenye mpini mrefu humwezesha mkataji kubaki chini. Uko wa petroli na uko wa betri, na hapa mlima wenyewe, Kilimanjaro, una neno.

Injini huhitaji hewa ili iunguze mafuta. Kwenye mita 1,500, katikati ya ukanda wa kahawa, uzito wa hewa ni kama asilimia 86 ya ule wa pwani. Nguvu ya injini hushuka karibu hadi kiwango hicho. Kabureta iliyorekebishwa tambarare huendelea kumwaga petroli ileile kwenye hewa pungufu: moshi huwa mweusi, plagi hushika masizi. Kwa kuwa injini hizi nyingi ni za mipigo miwili, sehemu ya mafuta hutoka kwenye ekzosi bila kuungua. Mota ya umeme haihitaji hewa hiyo. Nguvu yake Kibosho, mlimani, ni ileile ya Tanga, pwani.

Hata hivyo petroli ina hazina kubwa. Nusu lita hubeba nishati kama mara 25 ya betri ya volti 36 na ampea-saa 5. Injini ndogo hugeuza takriban sehemu moja ya tano tu kuwa kazi, nayo mota hugeuza karibu nne za tano, hivyo pengo hupungua hadi kama mara sita. Tena mota husimama kati ya tawi na tawi, wakati injini inaunguza mafuta bure. Anayekata kutwa nzima mbali na umeme atahitaji petroli. Mwenye kihamba chenye miti michache, na soketi nyumbani, betri mbili zamtosha. Ataepuka moshi na sehemu kubwa ya kelele, na kwa kawaida mikono yake itabeba uzito mdogo zaidi.

Kwa mashine yoyote, tawi hukatwa kwa hatua tatu: mkato mfupi chini yake, wa pili juu, mbele kidogo kutoka shinani, kisha kisiki huondolewa nje tu ya uvimbe wa shina, pale tawi linapoungana nalo. Alex Shigo, mtafiti wa miti wa Marekani, alionyesha kuwa kidonda hufungwa na tishu za uvimbe huo. Na mpini mrefu haukingi umeme: penye nyaya, TANESCO waitwe kwanza.

Bei ndiyo kikwazo, ila kazi hii ni ya siku chache kwa mwaka. Vyama vya msingi vya kahawa, vikiwemo vilivyo chini ya KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933, vinaweza kununua msumeno mmoja wa betri na kuuzungusha kwa wanachama. Kivuli cha kahawa ni mali ya wote. Uhai wa anayekitunza uwe jukumu la wote pia.