Oksijeni Inayoulinda Mgomba

Mnyauko bakteria wa migomba ulithibitishwa Muleba mwaka 2006, ukasambaa hadi Bukoba na sehemu nyingine za Kagera. Wenye vibanja wanazijua dalili zake: majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na shina likikatwa hutoa usaha wa manjano. Wasichoambiwa mara nyingi ni kwamba mgomba nao hupigana, na silaha yake kubwa ni oksijeni. Hoja yangu ni kwamba silaha hiyo ndizi zetu zinayo tangu asili, ila huitumia zikiwa zimechelewa, na kuchelewa huko ndiko kunakompa mkulima kazi.

Oksijeni tunayovuta ni tulivu. Lakini jua likilipiga jani kupita uwezo wake wa kulitumia, nguvu inayobaki huigeuza oksijeni kuwa oksijeni tendaji, yenye ukali wa kuharibu mafuta na protini za seli. Haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda, ni ya ukoo huo. Kwa muda mrefu wataalamu waliihesabu kuwa taka tu za kazi ya jani, na ni kweli mmea una vimeng'enya na vitamini C vya kuziondoa. Mwaka 1983 Mjapani Noriyuki Doke alionyesha jambo jingine: kiazi kikivamiwa na vimelea huitengeneza oksijeni hiyo chenyewe, papo hapo. Oksijeni hiyo humdhuru adui, hukaza kuta za seli, na kama yowe la kijijini huamsha seli za jirani. Katika mmea mdogo wa maabara, watafiti waliripoti mwaka 2009 kwamba wimbi la taarifa hiyo lilisafiri zaidi ya sentimita 8 kwa dakika.

Msomaji anaweza kuuliza: kama peroksaidi inaua bakteria, kwa nini tusiinyunyizie migomba? Kwa sababu bakteria hawa hukaa ndani ya mishipa ya mmea, mahali dawa ya kupuliza haifiki, na oksijeni tendaji ikizidi huua seli za mgomba wenyewe. Faida yake iko katika kutokea mahali panapostahili, kwa kiasi, na mapema. Mgomba-mwitu uitwao Musa balbisiana, ambao hustahimili mnyauko, huwasha kinga zake mapema baada ya kuambukizwa kuliko kainja, ndizi ya pombe inayougua vibaya. Ndizi zetu za kupika nazo huugua.

Watafiti wa taasisi ya kilimo cha kitropiki, IITA, nchini Uganda, wakiongozwa na Leena Tripathi, walichukua kutoka pilipili hoho jeni zinazoharakisha mwitikio huo, wakazitia katika migomba, na baadhi ya migomba hiyo ikastahimili ugonjwa shambani. Wapo wanaoogopa uhandisi wa jeni, na Tanzania iliamuru majaribio yake yasitishwe mwaka 2018. Hofu ya kutegemea mbegu za wengine ni ya haki, na usalama lazima upimwe. Hata hivyo, tusiseme kwamba mgomba umepewa sumu ngeni: kinga iliyoharakishwa ni yake wenyewe. Mjadala uanzie kwenye ukweli huo.

Wakati mjadala ukiendelea, ulinzi uko mikononi mwetu. Wadudu hubeba bakteria kutoka ua dume moja hadi jingine, na panga lililokata shina lenye ugonjwa huupeleka kwa mgomba unaofuata. Wengine husema kuondoa ua dume kunaupunguza mkungu. Si kweli, ndizi hunenepa zaidi. Ndugu mkulima wa Bukoba na Muleba, chane la mwisho likishatoka, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, usitumie kisu. Pitisha panga kwenye moto au maji ya jiki kabla ya kugusa mgomba mwingine, na shina lenye dalili likate chini kabisa siku hiyohiyo.