Tarehe na Kompyuta (2): Hatari ya Kukisia

Wiki iliyopita tulieleza kwamba kompyuta ikisoma 03/04/2023 kwenye faili huona herufi tu. Kabla ya kuhesabu siku za mkopo au umri wa mtoto, herufi hizo lazima zigeuzwe kuwa tarehe. Leo tutazame zinavyogeuzwa.

Shida inaanzia kwenye desturi. Sisi wa Afrika Mashariki, kama Waingereza, hutanguliza siku, kwa hiyo 03/04/2023 kwetu ni Aprili 3. Mmarekani hutanguliza mwezi, naye husoma Machi 4.

Mfano mzuri ni pandas, maktaba ya Python ya kuchambulia majedwali, aliyoianza Wes McKinney mwaka 2008. Kwa miaka mingi kigeuzi chake, to_datetime, kilikisia kila mstari peke yake. Kwa kawaida kilitanguliza mwezi, lakini kikikuta namba inayozidi 12 mahali pa mwezi, kilibadili mpangilio na kuendelea. Basi katika safu moja, 12-01-2000 ilisomwa Desemba 1, na 13-01-2000, iliyo chini yake, ikasomwa Januari 13. Siku mbili zinazofuatana zikaachana kwa zaidi ya miezi 10!

Toleo la 2.0, lililotoka Aprili 2023, lilibadili utaratibu. Sasa maktaba hutazama tarehe ya kwanza iliyojazwa, hukisia mpangilio wake, kisha hutaka safu nzima iufuate. Mstari mmoja ukienda kinyume, kazi husimama na kosa hutajwa. Kwa kuwa mpangilio hukisiwa mara moja tu, kazi pia huenda haraka zaidi.

Hata hivyo ugonjwa haujapona kabisa. Ikiwa hakuna siku inayozidi 12 katika safu nzima, mwezi utatangulizwa na hakuna kitakachogoma. Makosa yatafanana, kwa hiyo itakuwa vigumu zaidi kuyashtukia.

Kwa hiyo, mwandishi wa programu, usiiachie mashine ikisie. Itajie mpangilio wako: %d/%m/%Y. Nawe unayejaza majedwali, fuata kanuni ya ISO 8601, yaani mwaka, mwezi, siku: 2023-04-03. Kigeuzi kinachogoma kina faida kuliko kinachokubali kila kitu.

Wiki ijayo: kwa nini aina ya kawaida ya tarehe katika maktaba hiyo haikuweza kubeba mwaka 1498, Vasco da Gama alipofika Malindi.