Hiroshima: Mji Uliojengwa Upya kwa Sheria

Hiroshima imesimama juu ya delta ya mto Ota, yaani tambarare ya udongo uliorundikwa na mto pale unapogawanyika matawi kabla ya kuingia baharini, nayo hufikiwa kutoka Osaka kwa takriban saa moja na nusu kwa Shinkansen, treni ya mwendo kasi, hivi kwamba kwenda na kurudi siku hiyohiyo si taabu.

Bomu la atomiki lililoangushwa na Marekani tarehe 6 Agosti 1945 lililipuka yapata mita 600 juu ya katikati ya mji, na hadi mwisho wa mwaka huo watu wanaokadiriwa kufikia 140,000 walikuwa wamekufa. Hayo yamesimuliwa sana. Lisilosimuliwa sana ni jinsi mji usio na fedha, ambao walipa kodi wake walikuwa wamekufa au kutawanyika, ulivyopata uwezo wa kujijenga. Mwaka 1949 Bunge la Japani lilipitisha sheria maalumu ya kuifanya Hiroshima mji wa kumbukumbu ya amani, wakazi wakaiidhinisha kwa kura ya maoni, na kwa sheria hiyo mji ukaweza kupewa ardhi ya serikali bila malipo, vikiwemo viwanja vilivyokuwa vya jeshi.

Ndipo ikawezekana kukamilisha Heiwa Odori, barabara yenye upana wa mita 100, na Bustani ya Amani iliyosanifiwa na Tange Kenzo, ambaye alipanga jumba la makumbusho, mnara wa marehemu na Kuba la Atomiki (gofu la jengo la mwaka 1915) katika mstari mmoja. Mgeni anayeona nyasi na miti hudhani eneo hilo lilikuwa wazi tangu zamani, kumbe palikuwa na mtaa wa Nakajima, uliosongamana nyumba, maduka na mahekalu. Tangu mwaka 2022 mabaki yake yaliyofukuliwa huonyeshwa bustanini humo, na mikeka ya tatami iliyogeuka makaa hueleza msiba huo kuliko takwimu yoyote.

Chakula cha mchana nacho ni sehemu ya historia hiyo. Okonomiyaki ya Hiroshima huanza na uji mwepesi wa ngano unaotandazwa juu ya bamba la chuma la moto, mwembamba kama chapati ya maji, kisha hurundikwa kabichi nyingi iliyokatwa nyembamba na vipande vya nyama ya nguruwe, hugeuzwa, na hatimaye hulazwa juu ya tambi na yai. Chakula hiki kilienea katika miaka ya njaa baada ya vita, unga wa ngano kutoka Marekani ulipopatikana kwa urahisi kuliko mchele.

Alasiri wageni wengi hukimbilia kisiwa cha Miyajima. Mwenye siku moja tu afadhali atembee kaskazini ya Kuba hadi Motomachi, ambako waliokosa makazi waliishi kwa miaka mingi katika vibanda vya kandokando ya mto, mpaka vilipoondolewa na kujengwa maghorofa marefu yaliyokamilika mwaka 1978. Ujenzi wa Hiroshima, basi, ulichukua zaidi ya miaka thelathini, na maskini ndio waliosubiri zaidi.