Buibui Ashtakiwa Bure

Mwanafunzi akiamka na malengelenge shingoni, bweni zima humtia buibui hatiani. Mara nyingi mkosaji ni kile kijidudu chekundu na cheusi kilichobandikwa jina la jiji la Nairobi, nacho hakiumi asilani. Sumu yake huunguza kinapopondwa juu ya ngozi. Karibu buibui wote wana sumu, ila ni wachache mno wawezao kumdhuru binadamu. Hata yule wa Sydney, Australia, aogopwaye sana, hakuna kifo kilichothibitishwa kuwa chake tangu dawa ya sumu yake ianze kutumika mwaka wa 1981. (Nyoka, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, huua watu wasiopungua 81,000 kila mwaka.) Enyi walimu, wafunzeni vijana kukipuliza kijidudu hicho badala ya kukiponda, na kuosha ngozi kwa sabuni kabla hawajagusa macho.